Raketi ya padeli ya kushambulia: smashi itakudanganya

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Raketi yangu ya kwanza ya bei mbaya ya padeli (ule mchezo kama tenisi unaochezwa wawili wawili ndani ya kuta za kioo), zile za umbo la almasi, uso wa kaboni, nyeusi tii, niliinunua baada ya kuijaribu dakika kumi tu. Mwenzangu alinirushia lobu, ile mipira ya juu juu, kama ishirini hivi, nikazishukia na smashi, yani kuupiga mpira toka juu kwa nguvu zote, mipira mitatu ikadunda upande wa pili ikatoka nje juu ya ukuta wa pembeni (kwenye padeli hiyo ni pointi yako), yani nikapagawa kabisa. Jioni ile ile nikatoa hela. Wiki sita baadae kiwiko kinauma mpaka kushika kikombe ni shida, na kwenye mechi nafungwa na watu niliokua nawafunga vizuri tu nikiwa na raketi yangu ya zamani iliyobanduka rangi.

Tangu hapo nimeshapitia nyingine tatu za aina hiyo, moja yangu na mbili za kuazima, na ninachoweza kukwambia wewe unaetaka kununua ni kwamba smashi usiitumie kama kipimo. Zote zinapiga smashi. Ndo kazi iliyozileta, uzito umejazwa kichwani, povu la ndani gumu, alafu wewe umesimama umejipanga mpira unashuka taratibu, hapo hata raketi ya kawaida itaonekana ya maajabu. Ipime ukiwa umebanwa kwenye kona, mpira umetoka kwenye kioo unakufata mwilini na mkono hauna nafasi ya kwenda nyuma. Hata mshambuliaji mkali anaishi humo muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri.

Kinachotokea ni hivi. Povu laini la EVA, lile povu la plastiki linalojazwa ndani ya raketi, likiguswa na mpira wa taratibu linabonyea alafu linausukuma lenyewe, wewe unaelekeza tu. Povu gumu halikupi kitu bure, linataka uje na kasi yako mwenyewe, ukija nayo linakulipa vizuri sana maana nguvu haipotelei ndani. Sasa ukiwa nyuma umebanwa hiyo kasi utaitoa wapi? Unapiga kalobu kafupi, mpira unaning'inia katikati ya uwanja, jamaa wa upande wa pili anashukuru anakumaliza. Mimi ndo ilikua hadithi yangu kila seti, na nilikua nalaumu miguu kumbe miguu ilikua haina kosa. (Sio mara zote, kuna siku ilikua miguu kweli.)

Kwahiyo siku hizi jaribio langu la kwanza ni lobu kumi. Nasimama nyuma, mwenzangu yuko wavuni ananipigia mipira ya nguvu kwenye kioo cha nyuma, narudisha lobu tupu, nahesabu ngapi zinadondoka nyuma ya mstari wa servisi, ule ulio mita 6.95 kutoka wavuni. Raketi ya zamani ilikua inanipa saba. Ile ya almasi ilinipa tatu, na hapo nilikua sijachoka. Baada ya hapo ndo naomba voli, yani mipira ya kupiga kabla haijadunda, za haraka kuja miguuni na kifuani, naangalia kama raketi inafika kwa wakati, ukiona unaizuia kila mara kwa kuchelewa kidogo ujue kichwa ni kizito kwako, usijidanganye kwamba utazoea.

Kuhusu uzito, usiamini kilichoandikwa ubavuni. Kampuni inaandika gramu 360 mpaka 375, na ndani ya huo upana raketi mbili za jina moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa mkononi. Beba mizani ya jikoni, watakuona chizi, sawa tu. Na uzito wenyewe hauna maana kubwa bila kujua umekaa wapi: ilaze raketi juu ya ukingo wa rula mpaka itulie, pima kutoka kwenye kitako cha mpini hadi pale ilipotulia. Ikisoma kama sentimita 25.5 hiyo ni ya kuongozeka kirahisi, ikifika 26.5 hapo umeshika nyundo.

Uzuri ni kwamba hiyo namba unaweza kuicheza. Nilipiga hesabu: raketi ya gramu 370 inayotulia sentimita 26.5, ukiivalisha ovagripu moja (utepe wa kuzungushia mpini) ya gramu 5, kitovu cha uzito kinashuka karibu milimita 3. Ukibandika tepu ya kulinda kichwa yenye gramu 10, kinapanda karibu milimita 5. Watu wanabandika tepu kwa kuogopa mikwaruzo alafu wanashangaa raketi imekua nzito, bila kujua wameigeuza tabia. Adidas walilielewa hili, ndo maana raketi yao ya Metalbone ina vijiuzito vya kufunga na kufungua kwa skrubu, sio mapambo yale.

Mambo ya 3K, 12K, 18K sitakaa sana. Hiyo namba inahesabu nyuzi ndani ya fungu moja la kaboni, 3K ni nyuzi elfu tatu, basi. Haikwambii peke yake uso ni mgumu kiasi gani, maana kuna gundi iliyotumika, tabaka ngapi zimewekwa, na povu lililoko chini. Nimeshika 12K ngumu kama ubao na 18K iliyonifurahisha, muuzaji akianza kukuhubiria K muulize povu.

Ule uso wa msasa nao unasifiwa kupita kiasi. Unasaidia vibora, lile pigo la juu la kuuzungusha mpira, kuuma kioo, hilo nakubali, ila ule wa mchanga uliochanganywa na rangi unaisha haraka, ule uliochongwa pamoja na uso wenyewe ndo unadumu. Mzunguko mwingi unatoka kwenye mkono wako na pembe ya uso, kama vibora yako haizunguki sasa hivi msasa hautaifufua.

Kuna kitu watu wanasahau kabisa, joto. EVA inalainika kwenye joto na kukaza kwenye baridi, kwahiyo raketi uliyoipenda mchana wa jua kali ukicheza nayo asubuhi ya baridi utadhani umebadilishiwa. Ijaribu kwenye hali ya hewa unayochezea kweli. Na usiiache kwenye gari juani, tafadhali, niliua moja hivyo.

Tukirudi kwenye kiwiko. Sikuumizwa na ugumu peke yake. Mpini wa raketi za padeli mara nyingi unakuja mwembamba, mimi nina mkono mkubwa, nikawa nakaba kwa nguvu ili kichwa kizito kisinigeuke, nakaba mechi nzima, mtetemo wote unapanda juu. Nilipoongeza ovagripu mbili nikaweza kulegeza vidole na maumivu yakapungua hata kabla sijabadilisha raketi. Lakini ukianza kusikia kitu pale kwenye kimfupa cha nje cha kiwiko usifanye kama mimi niliecheza nacho mwezi mzima, simama, muone mtu wa fiziotherapi.

Najua mtu atasema mbona wakubwa wanatumia almasi. Wengine ndio, wengine hapana. Angalia Arturo Coello na Agustín Tapia, wamecheza pamoja na kuwa namba moja duniani: raketi yenye jina la Coello kwa kampuni ya Head ni almasi, ila AT10 ya kawaida yenye jina la Tapia kwa kampuni ya Nox ina umbo la chozi, na hakuna anaeweza kusema Tapia hashambulii. Sheria yenyewe imewabana wote kwenye sufuria moja, urefu usizidi sentimita 45.5, upana 26, unene milimita 38, kwahiyo kinachobaki kuchezewa ni umbo, uzito umekaa wapi, na povu. Coello ana mwili wa Coello na anafanya mazoezi kila siku. Mimi nacheza mara tatu kwa wiki nikitoka kazini.

Mwisho kabisa omba kuazima kwa mechi nzima ya seti tatu, na uangalie bandeja zako (mapigo ya juu ya taratibu ya kuurudisha mpira kwa kuuongoza) za seti ya tatu. Bandeja inataka raketi ikae juu, mkono umeinuliwa, mpira mmoja baada ya mwingine. Seti ya kwanza kila raketi inafanya bandeja. Ya tatu ndo utaona zimeanza kugonga wavu au kudondoka fupi, na hapo ndo bega linakwambia ukweli ambao muuzaji hawezi kukwambia. Duka likikataa kuazimisha, tafuta mchezaji mwenye nayo, wengi wanapenda sana kuonyesha.

Mimi sasa nina ya chozi, gramu 365, povu la ugumu wa kati, lobu sita kati ya kumi. Smashi zinazotoka nje zimepungua, napoteza kama moja kati ya kila nne nilizokua napata. Ile almasi bado iko kwenye begi, naitoa tukicheza na watu wasiojua kurusha lobu ndefu.