Kitanda, pete na theluthi ya mjane: barua kwa mwanangu aliye Leicester

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha za theluji pia. Baba yako anasema vaa soksi mbili.

Umeniuliza swali ambalo zamani ningekutoza ada ya ushauri. Mmesoma darasani wosia wa Shakespeare, ukakuta mke aliyeishi naye katika ndoa miaka 33 ametajwa mara moja tu, na alichoachiwa ni kitanda. Tena si kile kizuri cha nyumbani, ni cha pili kwa ubora. Umeandika: "Mama, hivi hawa waungwana wa Kiingereza waligawa mali kwa kufuata nini? Au hawakuwa na haya tu?"

Haya walikuwa nayo. Walikuwa na hesabu zaidi. Miaka yote niliyoshughulikia mirathi za watu hapa Tanga, nilikuwa nawaambia wateja wasiusome wosia kama orodha ya mapenzi ya marehemu. Mengi huwa ameshayatoa akiwa hai, kwenye harusi za wanawe na kwenye mikataba ya ndoa, na mengine yanakwenda yenyewe kwa sheria hata asipotamka neno. Wosia unaokota kilichobaki na kuziba matundu. Sasa kwa Mwingereza wa karne ya 16 na ya 17 hilo ndilo hasa la kushika, maana sheria yake ilikuwa imeshagawa sehemu kubwa kabla hajamwita karani.

Anza na ardhi, kwa sababu wao walianza nayo. Muungwana akifa bila kusema lolote, ardhi yote inamwendea mtoto wa kiume wa kwanza. Wadogo zake hawapati hata jaruba. (Kent walikuwa na desturi yao ya kuwagawia watoto wa kiume sawa kwa sawa, lakini Kent ni Kent.) Pasipo mtoto wa kiume, mabinti wanagawana sawa. Na mjane ana theluthi ya ardhi ya mumewe, anakula mapato yake mpaka naye afe. Theluthi hiyo haiandikwi kwenye wosia, kwa sababu si zawadi ya mume. Kwa hiyo ukiona wosia umenyamaza kuhusu mjane, usiseme moja kwa moja kwamba ametupwa.

Kuna wakati hata kuusia ardhi kulikuwa hakuruhusiwi. Watu wakaizunguka sheria: unawakabidhi marafiki waaminifu ardhi yako waishike kwa niaba yako, halafu unawaelekeza wampe nani ukifa. Mfalme Henry VIII hakuupenda mchezo huo hata kidogo, maana ulimkosesha ulaji. Ardhi nyingi za waungwana zilishikwa kwa ahadi ya utumishi wa kijeshi, na mrithi wa ardhi kama hiyo akiwa mtoto, mlezi wake ni Mfalme: anachukua mazao ya shamba, na hata haki ya kumwoza huyo yatima inauzwa. Mwaka 1536 Mfalme akaufunga mlango ule. Waungwana wakawaka, waasi wa kaskazini mwaka huohuo waliiweka sheria hiyo kwenye orodha ya malalamiko yao. Mwaka 1540 akalegeza. Ardhi ya kawaida ikaruhusiwa kuusiwa yote, na ile ya utumishi wa kijeshi theluthi mbili; theluthi moja ibaki imfuate mrithi wa kisheria, ili Mfalme asikose chake. Ikawa hivyo hadi utumishi ule ulipofutwa mwaka 1660.

Najua umeshtuka kuona theluthi. Sisi Waislamu wasia wetu hauzidi theluthi, na mrithi hausiwi kitu bila ridhaa ya warithi wenzake. Kwao theluthi ndiyo isiyoguswa. Usijaribu kuzifanyia sheria hizi mbili undugu kwenye insha yako. Mwalimu wako atakukatalia na mimi nitamuunga mkono.

Twende kwa Shakespeare mwenyewe. Katika wosia anatajwa kama muungwana, cheo kilichotokana na nembo ya ukoo aliyopewa baba yake mwaka 1596. Mwaka huohuo mtoto wake pekee wa kiume, Hamnet, alifariki akiwa na miaka 11. Wakabaki Susanna na Judith. Hapa ndipo nataka uangalie vizuri: bila wosia, sheria ingewagawia hao mabinti wawili ardhi yote nusu kwa nusu. Wosia wake wa tarehe 25 Machi 1616 umeandikwa kuzuia jambo hilo. Nyumba kubwa ya New Place, nyumba za mtaa wa Henley, mashamba ya Stratford na nyumba aliyonunua Blackfriars jijini London, vyote anapewa Susanna maisha yake yote, kisha viende kwa mtoto wake wa kiume wa kwanza na uzao wa kiume wa huyo, asipokuwepo wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Susanna wakati huo ana karibu miaka 9 ya ndoa na binti mmoja tu. Mzee anawapanga foleni wajukuu saba wa kiume ambao hawajazaliwa! Hawakuzaliwa. Huyo binti mmoja, Elizabeth, alifariki mwaka 1670 bila mtoto, na uzao wa Shakespeare ukaishia hapo.

Waungwana wengi walifanya vivyo hivyo: ardhi ikae mahali pamoja, wengine wafutwe machozi kwa fedha. Mtoto wa kiume wa pili na wa tatu anapewa posho ya kila mwaka, au gharama za kumpeleka akajifunze biashara, sheria au ukasisi. Binti anawekewa fungu la fedha la kuolewa nalo, na mara nyingi fungu lina masharti: alipwe akifika miaka 21 au siku ya harusi, na aolewe kwa ridhaa ya mama yake au ya wasii, yaani msimamizi wa wosia, la sivyo lipunguzwe. Baba yuko kaburini na bado anapokea barua za posa.

Ukitaka kuona kifungu cha masharti kilichoshonwa vizuri, rudi kwa Judith. Aliolewa na Thomas Quiney Februari 1616. Mwezi Machi mwanamke mwingine wa Stratford, Margaret Wheeler, alifariki kwa uzazi pamoja na mtoto wake, na tarehe 26 Machi Quiney alisimama mbele ya mahakama ya kanisa akakiri kwamba ni yeye. Wosia umetiwa saini siku moja kabla. Itazame karatasi: kwenye tarehe, Januari imekatwa, juu yake pameandikwa Machi. Mbele kidogo yameanza maneno ya kumtaja mkwe, yakakatwa, likawekwa jina la Judith. Kisha hesabu inaanza. Pauni 100 ni fungu lake la ndoa. Pauni 50 nyingine atazipata akimwachia dada yake madai yake juu ya kijumba kimoja pale mjini. Halafu pauni 150, ikiwa yeye au mtoto wake atakuwa hai baada ya miaka mitatu. Lakini hizo hakabidhiwi, wasii wanazishika naye anapokea faida ya shilingi 2 kwa kila pauni, yaani asilimia 10, kiwango cha juu kilichoruhusiwa na sheria wakati ule. Na mume? Wosia unasema mume yeyote atakayekuwa naye mwisho wa miaka hiyo mitatu hagusi mtaji mpaka amwekee Judith na watoto wake ardhi yenye thamani inayolingana.

Mume yeyote atakayekuwa naye. Jina la Quiney halimo.

Chuki peke yake haielezi kifungu hiki. Kwa sheria yao, fedha na vyombo vya mwanamke aliyeolewa vilikuwa mali ya mumewe tangu siku ya ndoa. Mwanamke mwenye mume hakuweza kuusia ardhi kabisa, na vitu vyake aliweza kuviusia pale tu mume aliporidhia. Ndiyo maana utakutana na wosia ambamo bwana "anampa" mkewe nguo zake mwenyewe, vito vyake mwenyewe na makabati aliyokuja nayo. Ndiyo maana pia wajane wengi waliachiwa nyumba kwa sharti la kutoolewa tena: akiingia mume mpya, vinavyohamishika vyote ni vyake, na watoto wa marehemu wanabaki kukodoa macho. Sharti baya, lakini wanaume wenzao waliwajua kuliko tunavyowajua sisi. Nimewahi kuandika vifungu vya namna hiyo kwa ajili ya mabinti wa watu, baba akiwa amekaa mbele yangu anakwepa kulitaja jina la mkwe.

Sasa kitanda, na cha mvunguni mwake sharti uiname kweli. Kitanda cha muungwana si vipande vinne vya mbao. Tangu sheria ya mwaka 1529 wasii walitakiwa kuorodhesha mali ya marehemu, basi majirani wanaoaminika walipita chumba kwa chumba wakithamini, na mara kwa mara kitanda kilikuwa miongoni mwa vitu vya bei kubwa ndani ya nyumba: godoro la manyoya, mito, mablanketi, mapazia ya kukizunguka, vyote vikihesabiwa pamoja. Kilicho bora mara nyingi kilikaa chumba cha wageni, au kilibaki na nyumba kumsubiri mrithi. Cha pili yawezekana ndicho walicholalia. Orodha ya nyumba ya Shakespeare haijasalia, kwa hiyo hapo sina cha kukuonyesha. Theluthi yake ya mali za Stratford, Anne, yule mke, alikuwa nayo kisheria. Nyumba ya Blackfriars ndiyo ilinunuliwa mwaka 1613 pamoja na wadhamini watatu, mpango ambao kwa kawaida ulimfungia mke asidai theluthi humo.

Wapo wanaosema kitanda ni kejeli, wapo wanaosema ni mahaba. Mimi jicho langu liko kwengine. Mstari ule haukuwemo kwenye maandishi ya awali. Umechomekwa katikati ya mistari miwili. Wakili yeyote anaijua saa hiyo. Rasimu inasomwa, mgonjwa anaitikia kwa kichwa, mtu mmoja chumbani anakohoa: "Na Mama je?" Kinachonisumbua zaidi ni usii. Waume wengi wa zama hizo walimteua mke kuwa wasii, pengine peke yake, wakimwita mpendwa na mwaminifu. Shakespeare alimteua Susanna na mumewe, daktari John Hall. Kama unatafuta dalili kwamba Anne aliwekwa kando, itafute hapo.

Vitu vidogo usivipite haraka. Dada yake Joan alipewa pauni 20, nguo zote za Shakespeare, na kukaa kwenye nyumba ya mtaa wa Henley maisha yake yote kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Mwanamke nguo za kiume za nini? Kitambaa kizuri kilikuwa fedha. Kilifumuliwa, kikashonwa upya au kikauzwa. Kijana Thomas Combe alipata upanga. Maskini wa Stratford pauni 10. Waigizaji wenzake watatu, Heminges, Burbage na Condell, shilingi 26 na peni 8 kila mmoja wanunue pete za kumkumbukia. Kibarua wa kusini mwa Uingereza alikuwa akipata kama peni 8 kwa siku, kwa hiyo pete moja ni vibarua vya siku 40.

Umeuliza kama mabinti waliyakubali haya. Siyo wote. George Clifford, mwenye cheo cha juu kuliko hawa waungwana wetu, alifariki mwaka 1605 akamwachia ndugu yake mashamba makubwa ya kaskazini, na binti yake Anne wa miaka 15 akamwandikia pauni 15,000. Anne alisema anataka ardhi. Mwaka 1617 Mfalme James mwenyewe aliamua shauri, Anne akakataa kutia saini. Akaipata mwaka 1643, baada ya binamu yake kufa bila mtoto wa kiume. Na Samuel Pepys, yule mwandishi wa shajara, ambaye hakuwa na mtoto, alimnyima mpwa wake mkubwa urithi aliokuwa akiutazamia kwa sababu ya kuoa pasipo ridhaa yake. Mwaka 1703 kijana akaangukia posho ya pauni 40 kwa mwaka, maktaba ikamwendea mdogo wake kabla ya kwenda chuo cha Magdalene, Cambridge. Pepys huyohuyo aliusia pia deni alilokuwa akiidai serikali: pauni 28,007, shilingi 2 na peni 1 na robo. Halikulipwa, lakini robo peni imo.

Mwisho, kuhusu ile mistari ya kwanza ya roho na mwili ambayo mwenzako darasani anataka kuithibitishia imani ya marehemu: mwambie aende taratibu. Roho kwa Mungu, mwili kwa udongo, kisha mali. Mara nyingi maneno hayo ni ya karani, ambaye alikuwa na kielelezo chake. Na mambo haya yalipitia kanisani kwa sababu mahakama za kanisa ndizo zilizothibitisha wosia, mpaka Januari 1858. Wa Shakespeare ulithibitishwa London tarehe 22 Juni 1616, katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na karatasi zake tatu zipo kwenye nyaraka za taifa, Kew.

Ukipata nafasi ya kwenda huko, mwache huyu mashuhuri. Tafuta bwana mmoja wa kawaida, mwenye mke, watoto wanne au watano, na ambaye orodha ya vyombo vyake imesalia, uviweke wosia na orodha upande kwa upande. Nipigie picha ukurasa wa vitanda. Macho yangu na miandiko ile hayapatani, lakini baba yako ana ile miwani mipya.

Mama yako