Suruali nyekundu iliyotoka nyeusi

SWALI: Mhariri, katika soko la vitu vikuukuu hapa London nilinunua picha ya kamera ya karne ya 19 inayonakili mchoro wa Mfaransa Paul Delaroche wa kuuawa kwa Lady Jane Grey, malkia wa Uingereza wa siku chache aliyekatwa kichwa. Mchoro wenyewe nimeuona National Gallery, na humo mwenye shoka amevaa suruali nyekundu ya kubana. Katika picha yangu suruali hiyo inakaribia kuwa nyeusi. Je, mpiga picha alikosea, au ni uzee wa karatasi? – Msomaji, London

JIBU: Hakukosea. Uzee huigeuza karatasi ya ute wa yai (iliyopakwa ute huo ili ishike dawa ya picha) kuwa ya manjano na kuyafifisha maumbo, lakini hauwezi kuitia suruali weusi. Sababu ni dawa yenyewe: mabamba ya kioo yenye kolodioni (utando wa kunata uliobeba dawa inayohisi mwanga), ambayo Frederick Scott Archer aliyatangaza mwaka 1851, yaliathiriwa zaidi na mwanga wa buluu na urujuani, ilhali mwanga mwekundu haukuacha alama ya maana, hivyo buluu ilitoka nyeupe na nyekundu ikatoka nyeusi. Mkemia Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel ndiye aliyegundua, mwaka 1873, kwamba ukiongeza rangi fulani katika dawa hiyo bamba huanza kuhisi kijani na manjano. Nyekundu ilisubiri zaidi.

Mchongaji, aliyenakili mchoro kwa kukata mistari kwenye bamba la chuma au shaba ili lichapwe kwa wino, hakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa alipima kwa jicho lake kila rangi ilistahili giza kiasi gani, ingawa kazi moja iliweza kumchukua miaka. Ndiyo maana kampuni ya Goupil ya Paris, iliyotoa mwaka 1858 mkusanyo wa kazi za Delaroche uliopigwa picha na Robert Jefferson Bingham, haikuacha kuuza chapa za wachongaji. Kwa maoni yangu Delaroche hakupoteza mengi mbele ya kamera, maana mchoro huu wa 1833 unasimama juu ya gauni jeupe la satini la Lady Jane dhidi ya giza la ukumbi, na hayo bamba liliyashika vizuri.

Wapiga picha wa zama hizo mara nyingi walinakili chapa ya mchongaji badala ya mchoro wa rangi, kwa hiyo itazame picha yako kwa kioo cha kukuzia. Ukiona mistari myembamba inayokatizana kwenye vivuli, kilichopigwa ni chapa. Usipoiona, basi kamera huenda ilielekezwa kwenye mchoro wenyewe, au nakala yake ya rangi, na weusi wa suruali hiyo unaongeza uzito upande huo.