Laptopu ya Kazi: Kipi Ukiachie, Kipi Ukishikilie

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Chake Chake. Nimetengewa shilingi 1,200,000 za laptopu na haiongezwi hata mia. Dukani hapa nimeoneshwa mpya, nyembamba, inchi 15.6, RAM GB 8, diski ya SSD GB 256, dhamana mwaka mmoja. Muuzaji wa Darajani, Unguja, ana ThinkPad T480 iliyotumika, nayo ni GB 8 na GB 256, siku saba za kuijaribu. Kazi zangu ni Excel, mfumo wa hesabu wa kwenye intaneti na barua pepe. Kila mwezi napanda boti kupeleka hesabu Unguja. Zote zina kasoro. Niachie kipi?

Jibu: Wa alaykum salaam. Kwa fedha hiyo mashine isiyo na kasoro hutoipata, kwa hiyo umeuliza pale panapostahili kuulizwa. Kanuni tunayoisimamia ni hii: achia kile unachoweza kukiongeza baadaye kwa bisibisi au kwa waya wa USB. Usiachie kilicholehemiwa kwenye bodi, wala kioo na kibodi utakavyovitumia kutwa nzima.

Anza na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo mashine hufanyia kazi, maana ndiyo itakayokuudhi mapema. Windows 11 ikishawaka tu hula GB 3 hadi 4. Fungua mafaili matatu manne ya Excel, mfumo wenu wa hesabu kwenye brauza, na WhatsApp pembeni, GB 8 zimekwisha. Hapo mashine huanza kuhamishia kazi kwenye diski, unagonga namba na namba inachelewa kutokea. GB 8 leo si kitu iwapo mwakani unaweza kuongeza nyengine 8. Laptopu nyembamba nyingi, lakini, RAM yake imelehemiwa, na ulichonunua ndicho utakachokuwa nacho mpaka siku ya kuitupa. Usitegemee maneno ya muuzaji. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, kisha Memory. Palipoandikwa Form factor pakisomeka SODIMM, ni kipande kinachochomolewa. Pakisomeka Row of chips, imelehemiwa. Mstari wa Slots used utakuonesha nafasi zilizobaki.

T480 ina nafasi mbili za RAM aina ya DDR4. Soma jina mpaka mwisho, kwani T480s yenye herufi s ina nafasi moja tu, nyengine imelehemiwa, na haina betri ya kuchomoa. Siku ya kuongeza RAM, toa kwanza betri ya nje, halafu ingia BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows) kwa F1 na uzime betri ya ndani kwenye Config, Power. Ukifungua kifuniko umeme ukiwa bado kwenye bodi, bisibisi ikiteleza kidogo tu inaweza kuunguza chipu.

Kioo ndipo T480 nyingi zilizotumika zinapoangusha watu. Zilitoka kiwandani na vioo tofauti, na cha rahisi kina 1366 kwa 768. Mhasibu usikikubali. Kioo cha 1920 kwa 1080 kinakuonesha safu za Excel zaidi kwa asilimia 40 hivi bila kusogeza kulia na kushoto. Angalia kwenye Display settings, kisha kitazame kioo kwa pembeni: rangi zikigeuka na maandishi kufifia, ni aina ya TN, na macho yako yatakulaumu. Na hiyo mpya nayo ipime hivyo hivyo, kwani upya si ushahidi wa kioo kizuri.

Betri. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika kazi haikusubiri. Hapa mashine iliyotumika inahitaji kupimwa, si kuulizwa. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, kisha fungua faili inayotajwa. Linganisha Design capacity na Full charge capacity. Ikiwa ya kwanza ni 48,000 mWh na ya pili ni 29,000, betri imebaki na asilimia 60. Kazi za ofisi hula kiasi cha wati 8, kwa hiyo 29,000 mWh, yaani Wh 29, gawa kwa 8 ni saa tatu na nusu badala ya sita. T480 ina betri mbili, ya ndani ya Wh 24 na ya nje inayochomolewa kwa mkono, ya Wh 24, 48 au 72. Ya nje ikiwa imechoka hiyo ni kasoro ya kuiachia, na pia ni hoja ya kuombea bei ishuke. Kubadilisha betri ya laptopu nyembamba kunataka fundi wa kuifungua.

Yaliyobaki yasikuchoshe. Diski ya GB 256 inakutosha, mafaili ya hesabu ni madogo na SSD hubadilishwa. Vitufe vya namba vya pembeni ndivyo vinavyowavuta wahasibu kwenye inchi 15.6, lakini kibodi ndogo ya namba ya USB inafanya kazi ile ile na inaingia mfukoni. Uzito wa T480 yenye betri kubwa utausikia begani kutoka Chake mpaka gatini Mkoani. Uvumilie.

Kabla ya kutoa fedha Darajani, fanya haya. Soma jina la prosesa: i5-8350U ni kizazi cha nane, kwenye T480 tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi. Ikianza na 7, iache, kwani Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Zima uwashe huku unabonyeza F1. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, ondoka, BIOS hiyo bado ina mwenyewe. Omba Windows irejeshwe upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti. Likitokea jina la kampuni fulani likitaka uingie kwa barua pepe ya kazi, mashine ingali imesajiliwa huko ilikotoka. Mwisho, chaji kwa tundu zote mbili za USB-C, moja baada ya nyengine. Lenovo, watengenezaji wa ThinkPad, walilazimika kutoa marekebisho ya programu ya Thunderbolt, chipu inayoendesha moja ya tundu hizo, kwa T480, na ambazo hazikurekebishwa mapema huweza kupoteza tundu.

Ikipita yote hayo, chukua T480. Ile mpya ichukue tu ukiona SODIMM, kioo cha IPS (kisichofifia ukikitazama kwa pembeni) cha 1920 kwa 1080, na dhamana inayotimizwa hapa hapa Pemba.

Swali: Nasomesha sekondari Wete. Projekta ya skuli ina tundu la VGA peke yake. Laptopu ninayoitaka ina USB-C mbili na HDMI moja, VGA haina. Niiache? — Mwalimu.

Jibu: Usiiache, mwalimu. VGA ni ya kuiachia bila majuto. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, ila kiwe kile chenye kijisanduku cha umeme ndani, si waya mtupu wenye ncha mbili tofauti. HDMI hupitisha picha kwa mfumo wa tarakimu na VGA haisomi hivyo, kwa hiyo waya mtupu hauoneshi kitu. VGA haibebi sauti, basi chukua kigeuzi chenye tundu la spika. Ukipata picha iliyokatika pembeni, bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua Duplicate, kisha punguza picha hadi 1024 kwa 768, kipimo cha projekta nyingi za zamani. Na USB-C usiitegemee kwa picha mpaka uone alama ya D na P au ya radi kando ya tundu, kwani nyengine ni za chaji na data tu.

Swali: Nasimamia nyumba ya wageni Jambiani, meza ya mapokezi iko mita chache kutoka pwani. Laptopu mbili zimekufa tundu za USB kwa kutu. Ninunue ya bati au ya plastiki? — Msimamizi.

Jibu: Umbo halitokuokoa, hata aluminiamu huliwa na chumvi. Kinachoua ni hewa ya bahari inayovutwa na feni na kupita juu ya bodi kutwa. Kama kazi ni uhifadhi wa vyumba na barua pepe, tafuta isiyo na feni. MacBook Air tangu ile ya M1 ya 2020 haina. Utaachia uwezo wa kuongeza RAM na diski, na kwa mahali ulipo mabadilishano hayo yana maana.

Kwa yoyote utakayonunua, chomeka kitovu kidogo cha USB (kijisanduku chenye tundu kadhaa) na kiache hapo siku zote, vifaa vya wageni viingie kwenye kitovu. Kikila kutu unatupa kitovu, si bodi. Usiku itie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti za silika, chembe zinazofyonza unyevu. Ikitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa kabla ya kuiwasha, kwa sababu hewa ya nje yenye unyevu hugeuka maji ikigusa bodi baridi, na maji hayo yakichanganyika na chumvi iliyokwisha kuganda humo ndipo kutu inapoanzia.