Tunajuaje maada ya giza ipo? Tazama kasi ya gesi

Mkuu, umeuliza kama maada ya giza (maada isiyotoa mwanga, inayojulikana kwa mvutano wake tu) haionekani wala haishikiki, si wanasayansi wameibuni tu ili hesabu zao zikae sawa. Nafundisha fizikia kidato cha sita na swali hili nalipata kila tukifika kwenye mvutano. Huwa nalijibu kwa galaksi moja, NGC 3198.

Tunaanza na sayari. Zebaki inalizunguka Jua kwa kilomita 47 kwa sekunde, Dunia 30, Neptuni 5 na ushee. Uzito karibu wote uko kwenye Jua, kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali kasi inapungua. Grafu inateremka, na hapo darasa zima linakubali.

Sasa njoo NGC 3198, galaksi yenye mikono iliyojisokota. Mwanga wake umejazana katikati, ukielekea pembeni unafifia haraka. Ila gesi ya hidrojeni inaendelea mbali zaidi, nayo hutoa mawimbi ya redio ya sentimita 21. Upande unaotusogelea, mawimbi hubanana. Upande unaotukimbia, hurefuka. Kasi unaisoma humo. Vipimo vilivyochapishwa 1985 vilionyesha karibu kilomita 150 kwa sekunde ukiwa miaka ya nuru 33,000 kutoka katikati, na bado karibu 150 ukifika 98,000! Kwa mtindo wa sayari ingeshuka hadi 87 hivi.

Hapa ndipo wanafunzi hufuta majibu na kurudia. Kanuni ya kupata uzito ni kasi mara kasi mara umbali, gawanya kwa G, namba isiyobadilika ya mvutano. Kasi ileile, umbali mara tatu, basi uzito uliomo ndani umekuwa mara tatu, na huko nje nyota ni za kutafuta. Uzito huo ni wa nini? Huo ndio tunaouita maada ya giza.

Na si galaksi moja. Wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya Andromeda 1970, na kufikia 1980, wakiwa na Norbert Thonnard, walikuwa na galaksi 21 ambazo kasi haikushuka pembeni.

Chembe yenyewe ya maada ya giza haijanaswa, hapo niko na wewe. Mwanafizikia Mordehai Milgrom alipendekeza 1983 kwamba tubadilishe kanuni za mwendo badala ya kuongeza maada, na wazo lake naliheshimu sana kwa sababu linaendana vizuri na grafu hizi. Linakokwama ni kwenye makundi makubwa ya galaksi: hata ukitumia kanuni yake, uzito unaoonekana bado hautoshi.