Darubini "inayokuza mara 525": mbona Mshtarii ni ukungu mtupu?

SWALI: Nimenunua darubini ya lenzi, kipenyo milimita 70, fokasi (umbali kutoka lenzi hadi mwanga unapokutana) milimita 700. Imekuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 20 na ya milimita 4, pamoja na kibomba cha Barlow cha kuzidisha ukuzaji mara 3. Boksi limeandikwa inakuza mara 525. Nikivifunga vyote na kuielekeza kwenye Mshtarii, naona doa jeupe linalochezacheza, na kabla sijalitazama vizuri limeshakimbia. Jirani anasema nimeuziwa mbovu. Niirudishe?

JIBU: Usiirudishe bado. Kwanza chomoa hiyo Barlow uiweke kando, na lenzi ya milimita 4 iifuate.

Kihesabu, 525 si uongo. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya fokasi ya darubini kwa fokasi ya lenzi ya jicho: 700 kwa 4 ni 175, na mara 3 ya hapo ni 525. Kwa mtindo huo huo mwenye kiwanda angeongeza kibomba kingine akaandika 1,575, na asingekuwa amekosea hesabu. Mimi darubini yoyote inayotangazwa kwa namba ya ukuzaji huanza kuitilia shaka hapo hapo.

Kinachoamua utaona nini ni kipenyo cha lenzi ya mbele. Lenzi ya milimita 70 ina uwezo wa kutenganisha vitu vilivyo umbali wa takriban sekunde 1.7 za tao. Hizi ni sekunde za pembe, si za saa: nyuzi moja ya anga ina sekunde 3,600. Mshtarii ikiwa karibu nasi ina upana wa sekunde kama 45. Gawanya: upana wote wa sayari hiyo, kwa darubini yako, una vipande 27 hivi vinavyoweza kutofautishwa. Ukikuza mara 35 ni hivyo 27, ukikuza mara 525 ni hivyo hivyo 27, ila sasa vimevimba. Ni sawa na kuivuta picha ndogo kwenye simu mpaka ijae kioo.

Mwanga nao unaumia. Lenzi yako hukusanya mwanga mara 100 ya mboni ya jicho iliyofunguka milimita 7 gizani, jambo zuri sana. Lakini kutoka mara 35 kwenda mara 525 umeitanua taswira mara 15 kwa upana na mara 15 kwa urefu, kwa hiyo mwanga ule ule umesambaa kwenye eneo kubwa mara 225. Ndiyo maana unaona weupe uliofifia.

Kanuni tunayoitumia wengi ni hii: kikomo ni mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo. Kwako ni mara 140, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Usiku mwingi haijatulia. Hewa ya joto na ya baridi zikichanganyika huupinda mwanga huku na huku, na huko ndiko kuchezacheza unakokuona. Ngoja Mshtarii ipande juu angani, usichungulie juu ya mapaa yaliyoshinda juani, na uitoe darubini nje nusu saa kabla ili bomba lipoe.

Kuhusu kukimbia, anayekimbia ni sisi. Dunia inazunguka, na anga huonekana kusogea nyuzi 15 kwa saa. Kwa mara 525 unaona kidirisha chembamba mno, na sayari hukivuka kwa sekunde 20 hivi. Kwa mara 35 una karibu dakika 5.

Basi anza na lenzi ya milimita 20. Kwa mara 35 Mshtarii ikiwa karibu huonekana kwa upana unaokaribia ule wa Mwezi kwa macho matupu, na pembeni yake utaona miezi yake minne mikubwa imejipanga kama kwenye mstari. Galileo aliigundua Januari 1610 kwa chombo kilichokuza takriban mara 20 tu. Kwa lenzi hiyo hiyo tazama pia Kilimia, kile kishada cha nyota. Ukitaka kuongeza kitu, nunua lenzi ya jicho ya milimita 10 iliyo nzuri: kwa mara 70 utapata mikanda miwili ya mawingu ya Mshtarii na pete za Zohali.

Kama ndani ya boksi kuna kichujio cha jua cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, kitupe leo. Kinakaa pale joto la jua linapokusanyika na kinaweza kupasuka ukiwa unachungulia.

Sasa ubovu. Ukishapata lenzi ya milimita 10, elekeza kwenye nyota angavu iliyo juu, kisha ipoteze fokasi kidogo, yaani iache iwe na ukungu. Inapaswa kuwa duara lenye mapete ya mwanga yanayoshirikiana kitovu. Ukiona yai au pembetatu, izungushe lenzi ya jicho mahali pake: umbo likizunguka nayo, ubovu ni wa lenzi hiyo. Lisipozunguka, inamisha kichwa. Likifuata kichwa, ni jicho lako. Likigoma kote kuwili, lenzi ya mbele ina shida, na hapo irudishe bila kubembeleza.