Kokteli pati nyumbani: mara ya kwanza nilikesha jikoni, saivi nakaa na wageni wangu

Pati yangu ya kwanza ya kokteli nyumbani nilialika watu kumi na nne, nikaandika menyu ya vinywaji saba kwenye karatasi nikaibandika kwenye friji, mojito, margarita, sijui na nini na nini, nikajiona mjanja kweli. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita sikutoka jikoni. Nakata ndimu, naponda nanaa, huyu anataka isiwe na sukari, yule anataka kama ya mwenzake, nikimhudumia wa mwisho yule wa kwanza keshamaliza glasi kasimama mlangoni. Sebuleni nasikia watu wanacheka mpaka wanapiga meza, mi nabaki kuuliza "jamani mnacheka nini?" na hamna hata mmoja wa kunijibu. Picha za siku ile nimetokea kwenye moja tu, tena mgongo, nimeinama kwenye friza natafuta barafu ambayo ilishaisha toka saa tatu.

Toka hapo nimefanya tena kama mara sita hivi, kwenye nyumba hii hii ya kupanga Kijitonyama, Dar, ghorofa ya pili, sebule ya kawaida tu. Yote nitakayokwambia hapa yanatokana na ile picha ya mgongo. Ikifika saa moja jioni inabidi uwe umeshaoga, umevaa, umeshika glasi yako, na jikoni kumezimwa taa.

Kwanza hiyo menyu ya vinywaji saba chana. Weka viwili, kimoja cha pombe na kimoja kisicho na pombe, vyote unavichanganya mchana kwenye majagi unaviweka kwenye friji, na pembeni bia na waini kwa asiyetaka mambo mengi. Watu hawajaja kwako kuchagua, wamekuja kukuona.

Cha pombe mi napika dawa. Dawa ni ile kokteli ya Nairobi iliyopata jina pale mgahawa wa Carnivore, ni vodka, ndimu, asali na barafu nyingi, na kakijiti ka kukorogea. Mi ya kwangu natia Konyagi, kwanza inapatikana kila duka, pili ni asilimia 35 kwahiyo ni laini kidogo kuliko vodka nyingi ambazo ziko 40, na usiku mrefu hiyo tofauti utaiona. Hesabu yangu ni rahisi, pombe vipimo viwili, juisi ya ndimu kimoja, asali kimoja. Chupa moja kubwa ya 750 ml inakula juisi ya ndimu kama 375 ml, na kwa hizi ndimu zetu ndogo andaa kama 25 au 30, zibiringishe kwanza mezani kwa kiganja ndo zinatoa maji. Asali (mi natumia ya Tabora) usiimwage hivi hivi, ikikutana na barafu inaganda chini ya jagi kama gundi, ikoroge kwanza na maji ya moto, nusu kwa nusu, iache ipoe. Halafu ongeza maji safi kama glasi moja na nusu. Hapo watu wanashangaa, maji ya nini tena? Ukitikisa kokteli kwenye sheka barafu inayeyuka kidogo na yale maji ndo yanailainisha, sasa wewe hutikisi, kwahiyo unayatia mwenyewe. Tangawizi ya kusaga kijiko kimoja, chuja, friji. Hapo una glasi kama kumi na tano.

Ndimu kamua siku ile ile tafadhali. Niliwahi kukamua jana yake nikajiona nimewahi, kesho yake juisi imekuwa na uchungu fulani kama maganda, ikabidi niongeze asali mpaka ikawa kama ya kikohozi kweli.

Kuhusu kiasi usihesabu kila aliyealikwa kama mnywaji. Chukua watu kumi na mbili, kwenye kundi langu wanne hawagusi pombe kabisa, watatu ni bia tu hata uwabembeleze vipi, wanabaki watano, kila mmoja glasi nne kwa usiku mzima ni ishirini. Chupa mbili zinatosha na inabaki. Mara ya kwanza nilinunua sita, nne nikazitunza mpaka vumbi.

Sasa barafu. Hapa ndo pati nyingi za Dar zinafia, watu wanahangaika na pombe wanasahau kwamba jiji hili saa mbili usiku bado unatokwa jasho na feni limewashwa. Mi nahesabu kilo moja kwa kila mgeni, nusu ya kuingia kwenye glasi, nusu ya kupoozea chupa. Ya kwenye glasi nunua zile za mifuko sheli, au gandisha mwenyewe maji ya kunywa kuanzia siku tatu kabla. Ile barafu ya mabonge wanayouza kwa ajili ya samaki kule Feri ni nzuri na inakaa, ila iwe ya kuzungushia chupa kwenye beseni, isiingie kwenye glasi ya mtu hata kidogo. Na bia zikiwa za moto usizirundike kwenye barafu tupu, mwaga maji humo humo, tupia na chumvi konzi mbili, chupa zizame mpaka shingoni, robo saa tu utashangaa.

Kwenye majagi natumia barafu kubwa, nagandisha kwenye yale makopo ya Blue Band. Bonge likiwa kubwa linayeyuka taratibu, vile vidogo vidogo vya kwenye trei nusu saa tu kinywaji kimeshakuwa maji ya kunawia. Afu kuna hii, tulivyokuwa wadogo si tulikuwa tunanunua barafu za ukwaju na za ubuyu kwa mama jirani? Gandisha juisi ya ukwaju kwenye trei, weka vipande viwili kwenye glasi, inavyoyeyuka ndo kinywaji kinazidi kunoga. Hicho kitu kimenipa sifa kuliko kokteli yoyote niliyowahi kutengeneza.

Upande wa wasiokunywa nitakaa kidogo, maana nilishafanya kosa. Pati ya pili niliandaa majagi mawili, yote juisi ya pesheni, yote rangi moja, moja ina pombe moja haina, nikajiambia nitakumbuka, la kushoto salama la kulia lina mzigo. Sijui nani aliyasogeza akitafuta pa kuweka sahani. Shoga yangu mmoja aliingia kachelewa, ametoka kuswali isha, mtandio bado kichwani, nikammiminia kwa mkono wangu mwenyewe. Akaipeleka glasi mdomoni, akasimama hapo hapo. Akanusa. Akaniangalia. Hakusema neno, akaiweka chini polepole kama mtu anayeweka yai, mi natamani ardhi ipasuke. Alinisamehe, ila kwa siku kadhaa nikiliona jina lake kwenye simu tumbo linanikata.

Tangu hapo kisicho na pombe kwangu ni chekundu. Nachemsha rozela na tangawizi, mdalasini na iliki, naitia sukari, ikipoa inakuwa nyekundu ya kung'aa, na kwenye glasi namalizia na soda wota, hiyo soda wota iingie mwisho kabisa la sivyo gesi inaisha kwenye jagi. Nyekundu haina pombe, njano ina, na zinakaa meza mbili tofauti, zina visu tofauti na chujio tofauti, maana mtu anayejiheshimu na dini yake hataki kijiko kilichotoka kwenye Konyagi hata kama umekisuuza. Glasi ila ziwe sawa kwa wote. Usimpe asiyekunywa soda ya chupa na mrija kama mtoto wa kipaimara wakati wenzie wameshika glasi zenye ndimu pembeni. Kwenye kundi kuna ambaye yuko kwenye dozi, kuna mjamzito ambaye hajasema, kuna ambaye ameamua tu kupumzika na pombe, akishika glasi kama ya wengine hakuna wa kumuuliza mbona hunywi leo.

Chakula. Huko kwenye video wanakwambia kokteli pati ni vitafunwa tu, korosho, zeituni, vijiti viwili vya jibini. Jaribu uone. Umemuita mtu nyumbani kwako usiku, katoka Mbagala kwenye foleni masaa mawili, hajala kwa makusudi kwa sababu ameitwa, unampa korosho? Shemeji yangu mmoja alikaa mpaka saa nne akaniuliza kwa upole kabisa, "shem, wali bado uko jikoni?" Nilicheka ila nilielewa. Saivi mwanzo naweka korosho, sambusa na mihogo ya kukaanga yenye pilipili, hivi vizuri kwa sababu vinatangulia tumboni kabla ya pombe, mishkaki namwagizia yule kaka wa kona ya kwetu toka asubuhi analeta saa mbili na nusu, na saa nne inaingia sufuria ya pilau iliyopikwa mchana. Hamna sahani za kupamba, mtu anajipakulia. Ukiona pilau imeisha jua watu wataenda nyumbani na akili zao.

Muda andika saa kumi na mbili kama unawataka saa mbili. Najua unajua, ila kila mara kuna mtu mmoja wa kufika kwa wakati, na huyo mpe kazi mapema, mi ndo namwambia aje na barafu. Ile ya "kila mtu aje na chupa yake" niliiacha, nilipata waini kumi na moja tamu za rangi ile ile na hakuna hata ndimu moja. Kwenye grupu taja kabisa nani analeta nini, we barafu, we soda wota, we spika.

Viti. Hiki kitu hakuna aliyenifundisha. Ukipanga viti vya plastiki kuzunguka ukuta vikawatosha wote, watakaa hivyo hivyo kama kikao cha harusi wakisubiri mweka hazina asome michango, na usiku mzima mtu ataongea na wa kulia kwake tu. Toa nusu ya viti peleka chumbani. Tandika mkeka barazani, weka meza ya vinywaji mbali na meza ya chakula ili watu walazimike kupita. Ila akija shangazi au mtu mzima, kiti kitoke chumbani haraka.

Na LUKU, huu umeme wa kununua kabla. Mwenzenu pati ya nne friza imewashwa toka juzi, feni tatu, muziki, taa zote, sijaangalia mita. Saa tatu na dakika kadhaa, giza. Watu wote "aaah", wanafikiri umeme umekatika mtaa mzima, mtu akachungulia dirishani, kwa jirani taa zinawaka. Nikanunua umeme kwa simu, ikaja ile meseji ya tarakimu ishirini, mita yetu iko kwenye korido ya chini, basi tukashuka watu wanane na tochi za simu, mmoja anasoma namba nne nne kwa sauti, mwingine anabonyeza, kakosea ya kumi na saba, tunaanza upya, huku kila mtu kashika glasi yake. Hadi leo hao wanane wakikutana wanakumbushana hiyo korido. Wewe lakini jaza mapema, na tafuta taa mbili za kuchaji. Mama mwenye nyumba naye mpelekee sahani ya sambusa saa kumi na moja, umwambie leo nina wageni, muziki nazima saa tano. Na uuzime kweli.

Kurudi nyumbani, wenye magari wakishagusa jagi la njano funguo zinaingia kwenye bakuli langu la unga juu ya kabati, hilo wanajua kabla hawajaja. Bolt naanza kuita saa tano na nusu nikiwa bado naona vizuri kwenye simu, na godoro la ziada lipo sebuleni. Kila pati lazima kuna mmoja anakataa kulala, saa saba unamkuta amejifunika khanga yangu anakoroma.

Wakishaondoka usilale kabla hujasuuza glasi. Si lazima uzioshe, mwaga tu mabaki uzizamishe kwenye ndoo ya maji. Mara ya mwisho nilisahau jagi moja la dawa chini ya meza, asubuhi nikaamka nikakuta mstari wa sisimizi umetoka dirishani, umepita juu ya mguu wa aliyelala kwenye godoro, umeenda moja kwa moja mpaka kwenye asali.