Kabla ya kompyuta, karatasi

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, karibuni. Mimi ni mkutubi katika chuo cha udaktari, na kila mwaka naona jambo lilelile: mwanafunzi anaandika "malaria" kwenye PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, zinakuja makala zaidi ya laki moja, anasoma tatu za juu, kisha anarudi kwenye madesa ya kaka zake. Simlaumu. Hakuna aliyemwelekeza kwamba kutafuta huanzia kwenye karatasi.

Andika kwanza: mgonjwa ni nani, tiba gani, unailinganisha na nini, unataka kujua matokeo gani. Mtoto mwenye malaria kali, atesuneti ya sindano, kwinini, vifo. Kwinini ilikuwa tegemeo letu miaka mingi, na vitabu vya zamani rafuni bado vinaisifu. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa AQUAMAT, uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa atesuneti, asilimia 8.5. Kwa hiyo kwenye masuala ya tiba, tazama mwaka wa chapa kabla ya jina la mwandishi.

Kisha maneno, na hapa msiwe na haraka. Mama anafika wodini anasema mwanawe ana degedege. Ukiliandika neno hilo kama lilivyo utapata makala chache, nyingi zikieleza jamii inavyouelewa ugonjwa huo. Zisome pia, maana zitakuonyesha kwa nini mama alipitia kwa mganga kwanza. Ila ukitaka tiba, tafuta neno ambalo maktaba imelichagua. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina orodha ya vichwa vya mada, MeSH, tangu 1960. Humo degedege utaikuta chini ya "Seizures", hata kama mwandishi wa makala alitumia "convulsions". Kichwa kimoja kinakukusanyia yote.

Kuna mtego mwingine, nao unatokana na lugha yetu. Kwetu "na" huongeza: ukiagiza wali na maharage, sahani inajaa. Kwenye kompyuta AND, yaani "na" ya Kiingereza, hupunguza, kwa kuwa makala lazima iwe na maneno yote mawili. Kinachoongeza ni OR, yaani "au". Nimewaona vijana wenye akili sana wakirundika AND tano, wakapata sifuri, wakaamini mada yao haijawahi kuandikwa.

Makala ikidai malipo, usitoe hela ya boom, ule mkopo wako wa kujikimu. Njoo dirishani kwetu uulize kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, unaovifungulia majarida vyuo vya nchi kama yetu. Ukija, njoo na ile karatasi yako, hata kama imejaa mistari ya kufuta. Nikiiona, najua pa kuanzia kukusaidia.